Fimbo ya Nebre

Nebre alikuwa na fimbo moja tu, jina lake limechongwa chini kidogo ya kishikio. Bila hiyo hafiki hata kisimani, maana mguu wa kulia uliangukiwa na jiwe zamani, akichimba makaburi ya wakubwa. Mwanawe Kenna alipofanywa msimamizi wa wachimbaji, aliiomba. Mzee akacheka. "Ngoja nife kwanza, utairithi."

Sasa aliyekufa ni Kenna, kwa homa ya siku nne tu. Siku sabini za kuukausha mwili kabla ya kuzikwa zilikuwa zinaisha keshokutwa, na fimbo hana. Mti mgumu wa kuchonga nyingine utaupata wapi bonde zima hili? Na maiti asiye na fimbo yenye jina lake, huko Magharibi, nchi ya wafu, atatembeaje, na nani atamjua?

Nebre akajikokota hadi kwa Didia seremala.

"Futa jina langu, chonga la Kenna."

"Una wazimu, bwana? Wewe tukuzike na nini, mwiko?"

"Andika: Kenna, mwana wa Nebre. Nami nitakuwemo humo."

Didia akaipapasa ile fimbo, akaacha utani. "Mti umekwisha huu, ndugu yangu. Nikishakwangua, jina moja utabeba. Mawili utakatika."

Roho ilimuuma mzee, tusidanganyane. Nani anapenda kufutwa?

"Basi lake," akasema.

Siku ya mazishi alipanda mlima akiegemea fimbo ileile, kidole gumba kikipapasa jina jipya njia nzima. Jeneza likaingizwa kaburini, ikafuata mitungi ya bia, mikate, na viatu vya Kenna. Kuhani akanyoosha mkono apewe fimbo. Nebre akaikumbatia.

"Baba, mpe," mkwewe Wabeti, mjane wa Kenna, akamnong'oneza. "Wanataka kufunga mlango."

"Nimesikia, mwanangu."

Hakumpa kuhani. Aliingia mwenyewe akichechemea, akailaza kando ya jeneza, upande wa mkono wa kulia.

"Haya, Kenna, urithi wako huu. Nisamehe, nilikungojesha."

Akatoka ameshikilia ukuta. Wabeti akainama ampe bega, mzee akakataa. Aliteremka mlima kwa matako, jiwe baada ya jiwe, mbele ya kijiji kizima, na Wabeti akamfuata nyuma amembebea viatu vyake.