Mkono Uliochelewa

Mfaume wa Bungu hakuwa mpigaji ngoma. Vidole vyake vilikuwa vizito kama mihogo, na wapigaji walimcheka waziwazi. Lakini mdomo! Hakuna harusi iliyoanza ngoma zake za kale kabla Mfaume hajasimama kuwaeleza watu watakachosikia: huyu msondo, anaita, huyu chapuo, anajibu, tegeni sikio hapo mkono wa fulani unapokawia. Watu walizisikia upya ngoma walizozaliwa nazo.

Habibu, karani wa akida, alikuwa akimwandikia maelezo hayo kwa herufi za Kiarabu, ili yaje kusomwa hata mzee akishazikwa. Mfaume alimpenda kwa hilo, alimpenda mno. Asiyejua kuandika humwamini sana anayemwandikia, na hapo ndipo alipokosea.

Vita vya Majimaji vilipoanza, msondo ulilia huko Mtunda kuwaita watu wakang'oe pamba ya Wadachi. Kesho yake Mfaume alishindwa kujizuia.

"Habibu mwanangu, sijapata kusikia msondo kama ule. Mkono wa kushoto unachelewa kidogo, halafu unatua mahali pake."

Jina la mpigaji hakulitaja, ingawa alimjua. Alipogutuka kwamba kalamu ilikuwa ikikimbia, alimsihi aichome karatasi ile. Habibu aliapa kwa msahafu kwamba ataichoma.

Baada ya miezi miwili Habibu alimwita barazani kwa akida. Kuna Mdachi mgeni, alisema, mpenzi wa ngoma za kale. Wapigaji wameletwa kutoka vijijini, mzee aje amweleze. Mfaume akavaa kanzu yake ya Idi. Wapigaji walifichwa nyuma ya ukuta wa makuti, eti Bwana anataka kusikia tu, hataki kuona. Wa kwanza akapiga, Mfaume akaeleza. Wa pili naye vivyo hivyo. Mdachi aliitikia kwa kichwa, na mzee wa watu akavimba kwa sifa.

Wa tatu alipoanza, Mfaume alicheka kwa raha. Alidhani mpwa wake naye ameletwa kutoka Ngorongo, alikokuwa akilima mpunga.

"Huyu simwulizi mtu! Ni Kondo, mtoto wa dada yangu. Sikilizeni mkono wake wa kushoto..."

"'Unachelewa kidogo,'" Habibu akasoma kwenye karatasi, "'halafu unatua mahali pake.' Msondo wa Mtunda, Bwana."

Askari waliubomoa ukuta. Nyuma yake walikaa wafungwa watano, minyororo shingoni. Walikuwa wamechapwa viboko siku nne, na hakuna aliyemtaja mwenzake.

Mfaume alimkamata Habibu kanzu. "Uliniapia! Ulishika msahafu mbele yangu!"

"Sijaongeza hata neno, mzee. Yote ni maneno yako."

Moyo wa Mfaume uliwaka kwa uchungu wa kusalitiwa. Alimgeukia Kondo amweleze, amwambie kwamba hakujua.

Askari walimpitisha Kondo mbele yake. Kijana alisimama kidogo, akamtazama bila hasira.

"Mjomba," alisema, "umeeleza vizuri."