Barua ya Mwalimu Mkuu

Baba yangu, mwalimu mkuu mstaafu, hasira zake alizitoa kwa Kiingereza. Kiswahili alikiweka akiba kwa ajili ya mapenzi. Kwa hiyo dada alipoolewa ng'ambo na Mhispania bila kuaga, barua aliyotumiwa ilikuwa ya Kiingereza kitupu.

Dada alifariki mwaka jana. Binti yake, asiyejua ila Kihispania, aliikuta kabatini akanitumia. "Mama mdogo, nitafsirie. Nataka kujua babu alimwambia nini mama, kabla sijaamua kuja kumwona."

Mimi ni mtafsiri wa kiapo, wa Kiingereza na Kihispania. Mahakama ndiyo inayonilisha. Nina desturi moja: kabla ya kugonga muhuri, mwenye maneno namsomea nilivyoyaelewa. Basi nikamketisha Baba kati ya printa na birika la chai.

"'Umetuvua nguo mbele za watu. Heshima ya nyumba hii umeikanyaga. Kwangu wewe ni fedheha.'"

Akavua miwani. "Niliandika hivyo?"

"Mwandiko wako, Mwalimu. Hata nukta zote zipo mahali pake."

"Wahispania hawana neno laini zaidi? Weka 'huzuni'. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nimekula kiapo, Baba. Na mtoto kafiwa na mama yake, tusimwongezee uongo."

"Akisoma hayo hatakuja."

Nilimpenda mno saa ile, mzee wa watu, anahangaika kufuta ubao alioujaza mwenyewe miaka ishirini na tano iliyopita. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nikaandika "deshonra", fedheha ileile bila kuipunguza makali, nikagonga muhuri.

"Lete karatasi," akasema.

Akaandika kwa Kiswahili, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Nami nikamsomea, ndiyo desturi.

"'Mjukuu wangu, mama yako alipiga simu kila Jumapili. Sikupokea. Aliyeivunjia heshima nyumba hii ni mimi, na fedheha ni yangu. Njoo unitukane kwa lugha yoyote.'"

Nilipofika kwenye Jumapili, nikamrudishia karatasi. Akamalizia mwenyewe, bila kuitazama.

Nikaitafsiri nayo, nikazituma zote mbili, kila moja na muhuri wake. Siku tatu Baba hakula vizuri. Ya nne, jibu likaja.

"Anasema nini?"

"Anakuja mwezi ujao. Anaomba kwanza nimfundishe matusi mawili ya Kiswahili."

Baba akajifuta macho kwa kiganja.

"Mfundishe makali," akasema.