Ngazi ya Mama

Hafswa hakuwa tena na nguvu za kukasirika. Msimu mzima wa kaskazi, kila akifunga ofisi yake ya usanifu majengo hapo Malindi, alikaa kumchorea babake nyumba mpya. Kazi ilipokwisha akamwambia kwa adabu kwamba kanuni za wasanifu zataka mkataba, na ndani ya mkataba iwemo ada, hata iwe ya chini kabisa.

Mzee Uthman alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Wanitoza ada mimi? Mimi niliyekulipia karo ya huo usanifu?" Akaibeba michoro bila kuikunjua, akaondoka. Chai yake hakuimaliza.

Sasa mbele ya Hafswa alikuwa ameketi Laban, msanifu wa Kilifi, mtu wa bara mwenye haya nyingi, na michoro ile ile ameitandaza mezani.

"Madam, mzee ameniajiri mimi. Lakini siwezi kushika kazi iliyoanzwa na mwenzangu kabla sijamuuliza. Alikulipa haki yako?"

"Wewe amekulipa?"

Laban akainamisha macho. "Yote. Hakuomba nipunguze hata shilingi. Alisema mtu na kazi yake."

Iliuma, tena iliuma sana. Mgeni kaheshimiwa kama mtaalamu, yeye kahesabiwa mtoto anayechezea rula. Angesema hakulipwa, Laban angeirudisha kazi, na babake angezunguka kwa jamaa wote akimshitaki. Hafswa alichoka na maneno hayo kabla hayajaanza.

"Simdai kitu," akasema, akamwandikia hivyo na kutia sahihi. "Lakini ngazi usiiguse. Vipandio nimevifanya vifupi kwa ajili ya magoti ya mamangu, na pale katikati nimeweka kibaraza apate kupumzika."

"Sitaigusa," Laban akaahidi.

Wiki haikuisha, babake akapiga simu. Hafswa alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba ya furaha, ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ile ya chai.

"Mwanangu, huyu bwana wa Kilifi ni fundi hasa! Leo amenifunulia ramani nikaiona. Mtu kama huyu hata ukimlipa huoni uchungu. Ile ngazi, wallahi, utadhani amjua mamako!"

Hafswa akafumba macho.

"Ni kweli, baba," akasema. "Aliyeichora amjua."

"Amjulie wapi?" Mzee Uthman akacheka, akakata simu.