Sufuria ya Mapichesi

Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025. Asubuhi ukungu ulifunika mashamba ya kahawa hapa Isansa, na manyunyu yalianguka tangu alfajiri bila kukoma. Nilimaliza sala yangu, nikachukua ndoo, nikaenda kuchuma mapichesi.

Mti huo aliupanda mke wangu, Gwantwa, mwaka tuliohamia hapa kutoka milima ya Ileje. Kila Januari, matunda yakiiva hata ngozi inachubuka kwa kidole, aliyaoka kwenye sufuria na kuwapelekea waliotoka kujifungua na waliotoka kuzika. Gwantwa alifariki mwaka juzi. Januari iliyofuata mapichesi yalianguka chini, nikawaachia nyuki.

Mwaka huu alikuwapo mtu wa kuokewa. Tumpale, mke wa mwanangu Ezron, alikuwa amempoteza mtoto siku tisa nyuma. Tangu hapo alikunywa uji kikombe kimoja kwa siku, na hakusema neno na mtu. Kaka yake, Gasper, alituma ujumbe kwamba angefika siku hiyo mchana kumchukua ampeleke kwao Ileje. Siku ya kumrudisha hakuitaja, nasi hatukuuliza.

Kwetu Wandali, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Miaka miwili Tumpale aliishi katika boma langu na sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Nikitaka kupita uani nakohoa, naye anaingia ndani. Alipokuwa na neno la kuniambia alimpa Gwantwa. Gwantwa alipoondoka, akaanza kumwambia kuku. Nilikuwa nasikia sauti nyuma ya ukuta ikisema, “Kuku, ugali uko tayari,” nami namshukuru kuku. Jirani yetu Ketrina, ambaye ni Mnyiha, husema kuku wetu ana busara kuliko baraza zima la kijiji.

Lakini alasiri ile uchungu ulipomshika kabla ya wakati wake, Ezron alikuwa Tunduma kwenye kazi yake ya kupakia malori, na Tumpale aliita. Hakumwita kuku. Aliita, “Baba!” Nilikimbia mpaka mlangoni, nikashika komeo, nikasimama. Kisha nikageuka, nikakimbilia kwa Ketrina ng'ambo ya bonde. Tuliporudi mtoto alikuwa amezaliwa, na alikuwa hapumui. Sijui kama ningeweza kufanya lolote. Nimemuuliza Mungu kila alfajiri, na kila alfajiri naona tena mkono wangu juu ya lile komeo.

Gwantwa aliacha maelezo ya mapichesi katika daftari lake la kwaya. Akiwa hai sikuweza kuyasoma. Nilianza darasa la jioni pale kanisani nikiwa na miaka hamsini na minane, na sasa nasoma, polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Nililiweka daftari juu ya kinu, nikaomba, nikaanza.

Niliyaosha mapichesi, nikayapasua katikati na kutoa kokwa. Nikapaka siagi ndani ya sufuria, nikayapanga, mgongo chini, nikanyunyiza sukari na mdalasini. Kisha nikafikicha unga wa ngano kwa siagi, sukari na chumvi kidogo mpaka ukawa chenga, nikautandaza juu ya matunda. Daftari lilisema: “Oka mpaka juu pawe rangi ya udongo wa njiani.” Habari za moto hakuandika. Nadhani hakudhani kwamba yupo mtu asiyezijua.

Mimi moto ninaoujua ni wa maharage. Niliwasha mkaa ukajaa jiko, nikateleka sufuria, nikafunika na kukaa kusubiri. Muda si mrefu harufu nzuri ikatoka, na nyuma yake ikaja harufu ya kuungua. Nilipofunua, unga wa juu ulikuwa mweupe vilevile, na chini matunda yalikuwa meusi, yameganda.

Niliketi nikayatazama. Sikulia, ila nilikuwa karibu.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya ukuta wa jiko, nyembamba na kavu.

“Kuku, moto umekaa chini wote. Mama alikuwa anauweka juu.”

Niliogopa kujibu, isije ikakoma. Nikasema taratibu, “Kuku, juu wapi?”

“Juu ya mfuniko. Chini aache makaa machache, ayafukie majivu. Na asifunue-funue.”

“Kuku, mwambie nimesikia.”

Mapichesi yalikuwa yamebaki kwenye ndoo. Nilianza upya. Ketrina alinikuta nikipepea makaa juu ya mfuniko, akaniuliza kama shule ya jioni ndiyo iliyonifikisha jikoni. Nikamwambia imenifikisha nusu ya njia, nusu iliyobaki nimefundishwa na kuku. Alitaka kucheka. Kisha akaelewa ni nani aliyesema, akajifunika mdomo kwa kanga.

Gasper na Ezron, aliyetoka Tunduma, walifika pamoja saa nane, wamelowa. Gasper hakutaka kukaa. Alisema kwa heshima kwamba hana lawama nasi, ila katika boma hili dada yake hana mama, na mume yuko mbali, na aliyebaki ni mtu asiyeruhusiwa hata kumpa maji. Ezron aliinamisha kichwa. Nilimwambia Gasper kwamba amesema kweli yote.

Niliepua sufuria. Juu palikuwa rangi ya udongo wa njiani. Nikaibeba kwa vitambaa mpaka kwenye mlango wa Tumpale, na sikukohoa.

“Baba Ezron,” Gasper akaniita, amesimama. “Kwetu mwiko wa mkwe hufunguliwa kwa ng'ombe.”

“Ng'ombe nitamtoa baada ya mavuno. Leo nina hii.”

Nilisukuma mlango. Tumpale alikuwa ameketi kitandani, kanga ya kichwani imeshuka mpaka machoni. Nikaweka sufuria juu ya kigoda mbele yake, pamoja na kijiko, nikarudi nyuma hatua mbili. Wengine walijaa mlangoni. Mvua ilisikika kwenye bati.

Kisha Tumpale akanyoosha mkono, akachota pichesi moja na unga wake, akapuliza, akala. Akachota la pili. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alikuwa anatafuna. Alipomaliza akaiinua kanga, na kwa mara ya kwanza akanitazama.

“Baba,” alisema, “sukari imezidi.”

Ketrina aligeuka ukutani. Mimi nilishika mwimo wa mlango, nikasimama wima, kwa sababu neno nililokuwa nalo nilitaka kulisema nikiwa nimesimama na watu wote wakisikia.

“Tumpale, mwanangu, kukaa au kwenda ni juu yako, sitakuzuia. Lakini mbele ya kaka yako na mumeo na Ketrina, na mbele za Mungu aliyeniona siku ile, naahidi: siku utakayoniita tena, sitasimama mlangoni. Nitaingia.”