Shahidi wa Siku ya Jabali

Kaa nikupe habari za Majitele, nchi ya wanyama iliyokuwa na bwawa moja, mfalme mmoja na wimbo mmoja. Bwawa lilikuwa la kunywa. Mfalme alikuwa Kiboko, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa ndani ya bwawa hilo. Wimbo ndio ulioeleza kwa nini.

Mwimbaji alikuwa Bi Hondohondo, ndege mwenye domo kubwa na sauti ya kufufua wafu, mpiga mbiu wa ikulu kama mama yake na bibi yake. Kila asubuhi alitua juu ya lango la bwawa akaimba Siku ya Jabali, jinsi nchi ilivyokauka hapo kale, jinsi Kiboko wa Kwanza, mrefu kuliko kilima, alivyolipiga jabali kwa jino lake maji yakaruka hadi mawinguni, na jinsi ngiri wote walivyompigia magoti wakasema maji haya ni yako na ya wanao milele. Aliuimba kwa moyo mmoja, maana aliupenda. Kama ni kweli au si kweli, hakuwahi kujiuliza.

Kwa nguvu ya wimbo huo, kila aliyetaka kunywa aliacha sehemu ya malisho yake langoni, mbele ya Nyati wa zamu. Mvua zilipogoma, sehemu ile ikawa karibu yote. Hapo ndipo Bi Ngiri, mjane mwenye watoto wengi na subira kidogo, aliposimama barazani akalalamika kwamba wanawe wanalamba tope.

Sasa lazima uijue desturi ya Majitele. Wimbo hauulizwi shahidi, imba utakalo. Lakini neno likishasemwa barazani halisimami mpaka apatikane aliyeona kwa macho yake. Ndiyo maana wafalme wote waliotangulia waliuacha wimbo ubaki wimbo, hawakuwa wajinga. Huyu wa sasa alisifiwa tangu ananyonya, na maskini, aliamini. Akamjibu Bi Ngiri, tena pale pale barazani, kwamba bwawa ni lake kwa sababu babu yake alipasua jabali.

"Nani aliona?" akauliza Bi Ngiri.

Waziri Mamba akafumba macho taratibu. Mfalme angeweza kukohoa na kufunga kikao, yakaisha. Badala yake akavimba. Akasema shahidi atapatikana, kwani Kichuguu cha Mababu kimesimama pale nyuma ya lango kwa kazi gani? Kila mtoto wa Majitele anajua kwamba ukikizunguka kinyumenyume mpaka kizunguzungu kikakuangusha, unaangukia zamani. Ukitaka kurudi, unakizunguka kwa mbele. Ila hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda, maana zamani ya wimboni ilitosha, tena haikuwa na kupe. Basi aende Bi Hondohondo, Mfalme akaamuru, na akirudi na ushahidi, ngiri wote watatimuliwa wakafie jangwani kwa kuitilia shaka Siku ya Jabali. Kama ushahidi ungekuwa mwingine, hilo halikumwingia akilini.

Lilimwingia Mamba. Alimsindikiza Bi Hondohondo hadi kichuguuni, akamwambia kwa upole kwamba domo lake ni zuri mno, itakuwa hasara likiachana na kichwa. Bi Hondohondo hata hakumsikia. Alikuwa amechana manyoya, amejitia vumbi jekundu kifuani, na furaha yake ilikuwa ya bibi harusi. Anakwenda kuiona Siku yenyewe!

Hondohondo hakuumbwa kurudi nyuma. Alijikwaa mkia, akaanguka, akainuka, akazunguka tena, mpaka mbingu zikawa chini na nchi ikawa juu, naye akaanza kuchekacheka peke yake. Kisha puu, akaangukia zamani.

Zamani ilimpokea kwa harufu. Ndugu yangu, nyimbo hazina harufu, na hapo ndipo zinapotudanganya. Wanyama wa nchi nzima walikuwa wamesongamana mahali pamoja, hawajaoga tangu mvua ya mwisho, na nzi walikuwa wengi kuliko hewa. Bi Hondohondo akamsalimu pundamilia na kumuuliza Siku ya Jabali inafanyika upande gani. Pundamilia alimjibu kwa maneno ya kale ambayo nusu yake hakuyaelewa, na nusu aliyoyaelewa yalikuwa matusi. Akauliza wengine. Hakuna aliyejua kwamba leo ni siku kubwa, walichojua ni kwamba wana kiu.

Jabali lenyewe hakuliona, aliona kijiwe cha kusugulia kisigino. Akatua juu yake akangoja. Jua likampiga, kupe wakamvamia, njaa ikamuuma, akala vitunda fulani vyekundu, na vitunda vile vikamgeuka tumboni. Ndivyo ilivyo historia, ukiingoja haiji, nenda chooni uone. Alikuwa kachuchumaa nyuma ya kichaka aliposikia kelele za kutisha, akatoka mbio hajamaliza, akakuta matako ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, yamemzibia Siku ya Jabali yote.

Akapenya kati ya miguu. Na hapo moyo ukamruka, kwa sababu ngiri walikuwa wamepiga magoti kweli, bega kwa bega, ukoo mzima, kama wimbo unavyosema. Machozi yakamlengalenga. Kisha udongo ukamrukia usoni.

Walikuwa wanachimba. Ngiri hupiga magoti akichimba, hupiga magoti akila. Bi Hondohondo alikuwa ameyaona magoti hayo kila siku ya maisha yake, na kila asubuhi akaimba kwamba walikuwa wanasujudu. Maji yakaanza kutoka, machafu, kidogokidogo, na ngiri wakashangilia. Ndipo akatokea kiboko mmoja mwembamba, ngozi imepasuka kwa jua, analia, kamasi zinamtoka, anakimbia bila kutazama. Akakanyaga kile kijiwe, kijiwe kikapasuka, yeye akateleza akaingia shimoni kichwa chini, akanasa. Walimvuta miguu, wakamvuta mkia, wapi! Walipomgeuza kidogo apate kupumua, alisema, tope limejaa kinywani, wamstiri tu hapo mpaka mvua inyeshe, ikinyesha ataondoka. Na wale ngiri, watu wema, wakamnywesha.

Bi Hondohondo alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alirudi kwa kukizunguka kichuguu akiwa bado anacheka, ila alipolifikia baraza kicheko kikamkauka. Nyati walikuwa wamewapanga ngiri wote tayari kwa kutimuliwa, Bi Ngiri na wanawe mbele, mzigo wao mdogo uko chini. Mamba alikuwa akilitazama domo. Bi Hondohondo aliogopa, nisikufiche. Akafungua kinywa na wimbo ukatoka wenyewe kwa mazoea: Kiboko wa Kwanza, mrefu kuliko kilima. Akamkumbuka yule mwembamba mwenye kamasi, akaangua kicheko, na baada ya hapo hakukuwa na namna ya kurudi nyuma.

"Walikuwa wanachimba, Mtukufu," akasema. "Maji waliyatoa ngiri. Babu yako aliteleza akanasa. Akaomba akae mpaka mvua inyeshe."

Bi Ngiri akafikiri kidogo. "Na tangu siku hiyo," akauliza, "haijanyesha?"

Nyati mmoja wa zamu akaguna. Wa pili akajikaza asicheke, akashindwa. Mfalme akapaza sauti kwamba huyu ni shahidi wa uongo, akatwe domo, na aende jemadari wa Nyati akailete kweli. Jemadari akaenda. Akarudi pembe zimejaa tope, anatokwa na machozi, kila akitaka kusema anaishia kushika mbavu. Kwisha kazi. Kila mtu akataka kwenda kujionea, palepale wakajipanga kichuguuni, swala, nyumbu, walinzi, wapishi wa ikulu, wote wanarudi kinyumenyume, wanagongana matako, wanaanguka. Mfalme akapiga marufuku. Waliotakiwa kulitangaza katazo walikuwa tayari wako zamani. Mamba naye alikwenda; aliporudi mabega yalikuwa yakimcheza kwa kicheko.

Bi Ngiri hakwenda kuangalia. Alikuwa na watoto wenye kiu. Aliuacha mzigo wake pale pale barazani, akawaongoza wanawe kupita langoni, kweupe, jua la utosini, wala hapakuwa na wa kumuuliza. Akamkuta Mfalme amekaa katikati ya maji yaliyobaki, ameyaziba yote kwa mwili wake, macho yameelekea langoni, anangoja mtu aje kutii.

Bi Ngiri hakumtukana. Alipiga magoti, kama ngiri wanavyofanya.

"Sogea kidogo," akamwambia. "Watoto wanataka kunywa."

Mfalme akayatazama yale magoti. Kisha akasogea.