Fundo Lililoficha Mkia

Mwanafunzi alisimama kando ya cherehani, mikono kaiinua, fundi akimzungushia utepe kifuani. Utepe ulizunguka ukabaki mwingi. Fundi akacheka, akamwita Sindano, na jina likamganda tangu siku hiyo.

Kibanda cha fundi kilitazamana na geti la chuo cha udaktari, na makoti meupe ya wanafunzi karibu wote yalitoka mikononi mwake. Vifungo vyake havikung'oka. Alivifunga kwa fundo alilofundishwa na marehemu baba yake, linalozunguka mara mbili na kuficha mkia wake ndani. Waliolijua ni wawili tu, yeye na kaka yake. Huyo kaka alikwenda hospitali ya chuo hicho peke yake, na kikohozi kibaya. Fundi alipomfuata aliambiwa hayupo. Akarudi tena na tena, na kila mara aliambiwa hayupo, kwa upole uleule.

"Wewe unaingia humo ndani, mwanangu," alimwambia Sindano. "Ukisikia lolote usinifiche. Hata likiwa baya."

Sindano akaahidi.

Masomo yalianza na historia ya tiba. Profesa, mzee mtaratibu aliyefuta miwani yake kwa tai, alieleza jinsi matabibu wa kale walivyojifunza mwili wa binadamu kwa kuwapasua walionyongwa na maskini waliofia njiani, kwa kuwa hao hawakuwa na wa kuwasemea. Michoro mizuri vitabuni ni ya miili yao. Wachoraji waliacha kitu kimoja tu, akasema, nacho ni mafundo. Waliona yanaharibu picha.

Hakuna aliyeuliza mafundo gani. Waliyaona wenyewe walipofika kwenye moyo.

Meza ya akina Sindano ilikuwa ya dirishani. Juu yake alilala mwanamume wa makamo, aliyeletwa chuoni kama maiti isiyo na ndugu. Walikwisha kujifunza mkono wake na bega lake, na walimheshimu kama mwalimu asiyekaripia. Sindano alipofungua chumba cha kushoto cha moyo, akakuta fundo la uzi mweupe, dogo kama punje ya kunde, limekazwa kwelikweli. Lilizunguka mara mbili. Mkia haukuonekana. Akageuza kifungo cha koti lake, akakitazama kwa nyuma, kisha akatazama tena moyoni.

Akalilegeza kidogo kwa ncha ya mkasi. Fundo likasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia maneno:

"Niliwaambia nina dada. Anashona hapo ng'ambo ya geti."

Mwenzake akatangaza kwamba lao linaongea. Meza ya jirani ikajibu kuwa afadhali hilo, la kwao linalia tu.

Profesa akaja, akasikiliza, akafuta miwani. Sindano akamwambia dada huyo yupo kweli, anamfahamu, aitwe sasa hivi aje amzike kaka yake. Profesa hakukasirika. Alieleza kwamba mafundo hayo huonekana kila mwaka na hayajawahi kusema uongo. Lakini mtu akishapokelewa kama hana ndugu, basi hana. Masomo yakiisha watazikwa wote kaburi moja, kwa heshima.

"Na maiti haulizwi sanda," akamaliza. "Lifunge tena. Litakuwa kwenye mtihani."

Sindano akalifunga kwa kuiga kifungo cha koti lake, mara mbili, mkia ndani. Kwao nyumbani walikuwa wakimwita daktari hata kabla hajaanza chuo, naye hakuthubutu kufeli. Siku ya mtihani, mtahini aliligusa fundo kwa kalamu, akauliza ni nini.

"Fundo la moyo," alisema Sindano. "Ni la kawaida kwa wasio na ndugu."

Akapewa alama zote. Alijionea aibu kuliko siku zote za maisha yake, na alipotoka nje koti halikufungika kifuani.

Akavuka barabara. Fundi akazungusha utepe, akasoma, akazungusha tena.

"Kifua kimeongezeka, Sindano."

Fundi akaweka kidole upande wa kushoto, akapapasa taratibu kama anayetafuta mshono gizani. Akakuta fundo, akahesabu mizunguko yake, miwili. Akatafuta mkia, asiupate. Kidole chake kikakaa pale pale kwa muda mrefu.

"Yuko meza gani?"

"Ya dirishani, mama."

"Basi ana mwanga," fundi akasema.

Akaacha utepe juu ya cherehani, akavuka hadi getini, akamuulizia kaka yake. Akaambiwa hayupo, kwa upole uleule. Akarudi, akaketi, akafumua mshono wa kifuani na kuupanua kwa kiasi cha fundo. Kesho yake Sindano aliingia darasani na koti lililomkaa vizuri.