Valvu Iliyosikia Chini

Jael alirudi kwenye gita miezi kadhaa baada ya mgodi kumfukia mumewe, wala hakurudi kwa kupenda. Kulikuwa na harusi Butere, na kiongozi wa bendi alimpigia simu tena na tena mpaka akaona haya kuendelea kukataa. Basi asubuhi moja ya Agosti, mama mkwe wake Pascalia akiwa amekwenda misa Mukumu, aliingia chumba cha mbele, akapangusa vumbi kwenye amplifaya, akaichomeka kwenye umeme.

Ilikuwa amplifaya ya kizamani, nzito kama jiwe la kusagia, ya zile valvu za kioo ambazo huwaka taratibu na kupata moto kwanza kabla sauti haijaja. Mumewe, Shivachi, aliinunua kutoka hoteli moja ya mjini Kakamega iliyokuwa ikitupa vyombo vyake vya zamani. Yeye mwenyewe hakujua kupiga hata wimbo mmoja. Kazi yake ilikuwa kuibeba, kuichomeka, halafu kusimama mbele ya jukwaa akimtazama mkewe na kucheka peke yake kwa furaha.

Valvu ziliwaka. Jael alivuta waya mmoja wa gita, akasikia mvumo mzito ukitambaa chini ya noti. Akakanyaga pedali, ile ya kuipa gita ukali na kuirefusha sauti. Zamani pedali hiyo ilitoa sauti nono, ya kujaza uwanja. Sasa kilitoka kitu chembamba cha kukwaruza, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kopo.

Aliweka kiganja juu ya nyaya kuzituliza. Mvumo ulibaki. Na ndani ya mvumo, kwa mbali, kulikuwa na kitu kingine.

Ko.

Kimya. Kisha tena: ko. Ko.

Jael alitazama mlango. Alitazama dirisha. Kuku walikuwa wakiparura uani kama kawaida, na hakukuwa na mtu. Aliizima amplifaya, akaichomoa kwenye umeme.

Kesho yake aliipakia kwenye bodaboda, akaipeleka mjini kwa Mukhwana, fundi aliyekuwa akiwatengenezea vyombo tangu bendi ilipoanza. Mukhwana alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliifungua mgongo, akachungulia.

"Waya wa ardhi umelegea," alisema. "Ndiyo maana inavuma."

Aliulehemu. Akasafisha vitasa vya kurekebishia sauti vilivyojaa vumbi, akaibadilisha pedali betri, akapiga noti mbili tatu kwa gita la dukani. Mvumo ulikuwa umekwisha. Pedali bado ilikuwa nyembamba, lakini angalau haikukwaruza sana.

"Na ile ya kugonga?" Jael aliuliza.

"Kugonga gani?"

Walikaa wakisikiliza. Amplifaya ilikuwa juu ya meza ya mbao, kwenye kipande cha godoro alichozoea Mukhwana kulazia vyombo vya watu. Haikutoa hata kikohozi.

"Nyumbani inagongagonga," Jael alisema, akaona anavyosikika kama mwenda wazimu.

Mukhwana hakucheka. "Ikigonga tena, nipigie. Nitakuja kwenu Malinya mwenyewe."

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya mashamba, Jael aliiweka pale pale pake, kwenye sakafu ya saruji, akaiwasha. Mvumo haukuwepo tena, na kwa sababu haukuwepo, kile kingine kilisikika wazi kabisa. Ko. Ko. Kilikuwa kikipumzika, kisha kinaanza tena, kama mtu aliyechoka ambaye hata hivyo hataki kuacha.

"Nani huyo anabisha?" Pascalia alitokea jikoni, mikono ikiwa na unga wa obusuma, ugali wa jioni.

"Si mlangoni, Mama. Ni mashine."

Pascalia alisimama. Alisikiliza kwa muda, uso wake ukibadilika pole pole. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya spika kama mtu anayeketi kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Shivachi," aliita, kwa sauti ile ile aliyomwitia alipokuwa mtoto.

Ko, ikajibu amplifaya.

Inafaa kueleza alivyopotea. Shivachi alikuwa akichimba dhahabu katika shimo la Osiako, upande wa juu wa kilima, si mbali na nyumba. Mvua kubwa za Aprili zililainisha udongo, na asubuhi moja mdomo wa njia ya chini ulianguka, yeye akiwa ndani peke yake. Wenzake walichimba usiku na mchana. Udongo uliendelea kuporomoka, na mwisho wakaambiwa waache kabla hawajafukiwa na wao. Familia ilizika mgomba mahali pake, kama inavyofanywa mtu asipopatikana. Watu walijaa uani wakaimba, na ngoma za isukuti zikalia siku kadhaa bila kupoa, maana alikuwa mtu wa watu.

Pascalia hakuwahi kuukubali mgomba ule. Alipita kaburi lile kila siku bila kuligeukia. Lakini tangu jioni hiyo alipata mahali pa kumwona mwanawe. Kila akimaliza kazi za asubuhi alimwambia Jael awashe, kisha akaketi na rozari yake, akimwambia Shivachi habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, binamu yake ameoa, mahindi ya mwaka huu ni mazuri. Amplifaya iligonga ilipotaka. Mara nyingine iligonga katikati ya neno lake, na mama akanyamaza kumpisha.

Jael hakulala vizuri. Mchana alipopika, masikio yake yalikuwa sebuleni. Alianza kutembea bila viatu ili asichanganye nyayo zake na ile sauti, kwa maana alikuwa ametambua jambo lililomtisha zaidi: akikanyaga kwa nguvu, amplifaya nayo ililia, tong, kama kengele ndogo. Ilikuwa ikiwasikia.

Alimpigia Mukhwana.

Fundi alikuja na mkoba wake, akamsalimu Pascalia kwa heshima, "Mulembe, Mama," akaomba ruhusa. Kwanza alichomoa gita. Kugonga kuliendelea. Akachomoa pedali na waya wake wote, amplifaya ikabaki haijashika kitu. Ko. Ko.

"Basi si gita wala pedali," alisema. "Iko ndani."

Akakizungusha kitasa cha sauti. Akikipandisha, kugonga kulipanda, akikishusha, kulififia. Alitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo. Akatoa penseli, akaigonga valvu ya kwanza kabisa, ile inayolipokea gita. Spika ililia kwa sauti kali hadi Pascalia akaziba masikio. Akazigonga nyingine, zilikaa kimya.

"Hii imechoka," Mukhwana alisema. "Vyuma vyake vya ndani vimelegea, vinatikisika. Ndiyo maana hata pedali yako ina sauti ya njaa, haipati mtu wa kuipokea vizuri. Na valvu ikilegea hivi inakuwa sikio. Inasikia kila kinachoitikisa."

"Nini kinaitikisa?"

Badala ya kujibu, aliomba mto. Alipoinyanyua amplifaya na kuilaza juu ya mto, kugonga kulikoma. Alipoirudisha kwenye saruji, kukarudi.

Mukhwana alivua miwani, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa chafu.

"Kinatoka chini," alisema. "Chini ya nyumba yenu kuna watu wanachimba."

Jael alihisi hasira ikimpanda, na alishangaa jinsi ilivyokuwa tamu hasira ile baada ya hofu ya siku zote hizo. Wizi wa kawaida! Watu wamefuata mwamba wa dhahabu mpaka chini ya kitanda chake, na yeye anaketi hapa akidhani ni mzimu. Alifunga leso kiunoni, akapanda kilimani kwa Osiako.

Osiako alikuwa jitu la mtu, mpole kwa sauti. Alimsikiliza, akaapa kwamba hakuna njia yake inayoelekea kule chini.

"Tangu afukiwe Shivachi, upande ule nimeufunga, Jael. Hakuna anayekubali kuingia hata nikimwomba."

"Njoo usikie basi."

Alikuja. Alipiga magoti mbele ya spika, kichwa chake kikubwa kikiwa kimeinama, akasikia. Jasho lilimtoka. Alitoka nje, akamtuma kijana wake kilimani awatoe watu wote mashimoni, wake na wa majirani, na kila mtu aje. Baada ya muda walianza kushuka, wamejaa matope, wengine na nyundo bado mkononi, wakiuliza kuna msiba gani. Walijipanga uani. Osiako aliwapitia mmoja mmoja kwa majina, na wenye mashimo mengine wakawapitia wao. Hakuna aliyebaki chini.

"Zima ile mashine ya kusaga kokoto pia," Osiako aliagiza. Ikazimwa. Kilima chote kikatulia.

Na kupitia mlango ulio wazi, wachimbaji wote wakisikia, amplifaya ikasema: ko.

Mmoja wao alitupa nyundo yake chini akaondoka bila kuaga. Wengine walirudi nyuma hadi kwenye ua wa miti. Jael alibaki mlangoni, hasira yake yote imemtoka, na ile hofu ya kwanza ikarudi kukaa mahali pake.

Pascalia ndiye aliyesema. "Chimbeni."

"Mama, nyumba itaanguka," Osiako alisema.

"Ianguke."

Mukhwana aliibeba amplifaya, waya wake ukimfuata, akaiweka kona hii, akasikiliza, akaiweka kona ile. Kama daktari na kifua cha mgonjwa, ndivyo alivyoipima sakafu ile. Karibu na ukuta wa jikoni sauti ilikuwa kubwa kupita kote. Alichora alama kwa chaki, akasimama kando.

Osiako alikataa mtu mwingine kushika kazi ya kuchimba. Alivunja saruji kwa mtaimbo, akateremka na udongo, wenzake wawili waliorudi kwa aibu wakivuta makarai. Udongo ulikuwa laini kuliko ilivyotazamiwa. Hakufika mbali. Kimo cha mtu na kidogo zaidi, mtaimbo ulipenya pahali patupu, na hewa baridi, yenye harufu ya chuma na maji, ikapanda hadi usoni pa Jael.

Osiako aliwasha tochi, akaingiza kichwa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Alipokitoa alikuwa analia, na hakujificha.

"Yupo," alisema.

Habari nyingine aliitoa baadaye, kidogo kidogo, kwa kuwa Jael hakumwacha mpaka alipoitoa yote. Njia ile haikuwa ya Osiako. Ilianza pale mgodi ulipoangukia, nyuma ya kifusi, ikashuka na kilima, nyembamba, ya mtu mmoja kutambaa, imechimbwa kwa sururu yenye mpini uliovunjika. Ilikuwa imenyooka. Haikufuata mwamba wa dhahabu hata mara moja. Ilikuja nyumbani. Na ilipofika chini ya jikoni ilianza kupanda.

Kugonga kulikuwa maji. Yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye dari ya udongo, tone kwa tone, juu ya karai lake lililofunikwa kifudifudi kando ya mkono wake. Osiako alilisogeza, sauti ikaisha. Huo ndio ukweli, na Mukhwana aliuthibitisha, na padre naye aliusema siku ya mazishi ili watu wasiendelee kueneza maneno.

Lakini Jael hakuwa akifikiria maji. Alikuwa akifikiria siku zile za Aprili. Mtu anayechimba umbali ule, gizani, na sururu iliyovunjika, anachukua siku. Juu yake uani palikuwa na watu wengi, wanaimba, na isukuti zinapigwa kwa ajili yake. Bila shaka alizisikia. Labda ndizo zilizomwonyesha nyumba iko wapi. Na kama aligonga, nani angemsikia?

Hakumwambia Pascalia. Ila siku moja, wakichambua mboga, Pascalia alisema bila kuinua kichwa, "Ngoma zile zilikuwa na kelele sana," na Jael akajua kwamba mama naye amekuwa akiwaza hilo hilo.

Walimzika pale mgomba ulipokuwa. Hawakupiga ngoma. Nyumba haikukaliwa tena; iliezuliwa mabati, ikajengwa nyingine ng'ambo ya barabara, mahali ambapo Osiako alihakikisha mwenyewe kwamba chini ni mwamba mtupu. Shimo lake alilifunga, akaenda kulima miwa kwa wajomba zake.

Mukhwana aliweka valvu mpya. Alimwita Jael dukani, akamwambia ajaribu. Jael alikanyaga pedali, na sauti ikatoka nono, ndefu, tamu kama ya mwanzo, hata watu waliokuwa wakipita barabarani wakageuka. Fundi alitabasamu kwa fahari. Jael alimshukuru, akaomba kwenda nje kidogo, akasimama akishikilia nguzo ya kibaraza.

Harusi ya Butere ilikuwa imeshapita, lakini zilikuja nyingine, na Jael alipiga zote. Watu husema anapiga vizuri kuliko zamani. Jambo moja tu limewatatiza wenzake wa bendi. Kuna nyimbo zao ambazo gita hunyamaza kidogo katikati, ili mwimbaji avute pumzi na wachezaji wasubiri. Jael hanyamazi. Mpiga besi alimuuliza siku moja kwa nini hapaachi patupu pale, kama walivyofanya mazoezini.

"Nitajaribu," Jael alimwambia.

Jumamosi iliyofuata, pale pa kunyamaza palipofika, masikio yake yakaanza kuitafuta ile ko, na vidole vyake vikaendelea.